Manila Imeoza

Fortunata aliyavumilia mengi Dubai. Alivumilia joto, alivumilia chumba cha watu sita, alivumilia basi la kampuni lenye kiyoyozi cha kutoa kelele tu. Kitu kimoja kilimshinda, nacho ni mdomo wa Kondo.

Huyu Kondo alikuwa kiongozi wa wafungashaji katika ghala moja la mtaa wa Al Quoz, la kampuni ya kuhamisha watu majumba. Na tuseme ukweli, kufungasha kwenyewe alikuwa hajui. Umpe sahani sita azizungushie karatasi, tatu zitafika zikiwa vigae. Kazi aliipata kwa mdomo na aliilinda kwa mdomo. Alikuwa na Kiarabu cha kuokoteza, akajifanya mkalimani wa arbab, yaani tajiri mwenye kampuni, basi akapewa na cheo. Alitoka Mbagala na kidato chake cha nne, akakaa Dubai miaka mitano, na siku moja, haijulikani ipi, akajitawaza kuwa mtaalamu wa asili za maneno. Alitaka aitwe Maalim. Darasa lake lilikuwa ndani ya basi, kutoka kambini hadi kazini, ambako hata ukichoshwa huna pa kukimbilia.

Kwa Kondo hakuna neno la Kiswahili lililozaliwa nyumbani. Yote yalitoka Arabuni, tena utadhani yeye ndiye aliyekwenda kuyapokea. "Kabati," alisema siku moja, ameegemea kiti utafikiri basi ni la baba yake, "ni ka-beit. Ka ni kama, beit ni nyumba. Kama nyumba. Nyumba ya vyombo, jamani!" Mkate nao eti umetoka Arabuni kwa sababu unakatwa. Na treni la mjini lilipofunguliwa Septemba ile ya mwaka 2009, Kondo alitangaza kwamba metro ni matar, yaani uwanja wa ndege, kwa kuwa linapita uwanja wa ndege. Basi zima likaitikia kwa kichwa. Wengine walikuwa wamesinzia.

Aliyekuwa na uwezo wa kumsuta ni Joha. Joha alikuwa Mzanzibari, alisoma chuo cha Kurani tangu akiwa na miaka mitano, na Kiarabu cha kweli alikuwa nacho kiasi chake. Lakini Joha naye alikuwa na akili. Kondo ndiye aliyepanga nani aende kufungasha kwenye majumba ya Al Warqa, penye kivuli na maji baridi, na nani akabebe makochi Discovery Gardens. Kwa hiyo Kondo akianza, Joha alitazama dirishani na kujing'ata mdomo. "Shoga," alimnong'oneza Fortunata, "huyu Kiarabu chake kakishona mwenyewe."

Ugomvi wenyewe ulianza kwa manila.

Manila, kama kuna asiyeijua, ni ile kamba nyembamba, ngumu, ya kufungia mizigo. Fortunata hakuwa na jina lingine kwayo. Alizaliwa Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, na baba yake, mzee Francis, alifanya kazi maisha yake yote katika banda la kusokotea kamba, hata ncha ya kidole cha shahada aliiacha ndani ya mashine. Basi asubuhi hiyo Fortunata alimwambia Joha, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba manila stoo imekwisha, waagize nyingine. Kondo akadaka neno kama mtu aliyekuwa anawinda.

"Mnajua manila maana yake nini?"

 Walijua kwamba kujua au kutojua hakutawaokoa.

"Man nala!" Kondo alinyanyua kidole. "Man ni yule ambaye. Nala ni amepata. Aliyepata! Kwa sababu aliyepata kamba amepata cha kufungia. Hiyo ni fasihi, si mchezo."

"Kwetu manila ni ile karatasi ngumu ya kuchora chati shuleni," alisema Mkenya mmoja, dereva wa mashine ya kuinulia mizigo ghalani.

"Ni hiyo hiyo! Aliyepata chati amepata elimu."

Fortunata alijiambia anyamaze. Alijiambia hivyo mpaka basi likapita mzunguko wa pili, lakini jambo hili lilikuwa la baba yake, hakuweza. "Kaka Kondo," alisema, "Manila ni mji. Uko Ufilipino. Zamani kamba nzuri kuliko zote zilipakiwa melini hapo, Wazungu wakaziita kwa jina la mji, na sisi tukapokea hivyo hivyo. Baba yangu alizisokota kamba miaka thelathini na moja."

Kondo alicheka kicheko cha kuonyesha meno yote. "Mji! Dada yetu anasema mji! Kwa hiyo na uzi nao ni mji?"

"Uzi ni kisiwa," Joha alisema taratibu, bado anatazama dirishani. "Kiko kwetu Unguja."

Wee! Basi lilipasuka kwa kicheko, hata dereva Mpakistani, ambaye hakuelewa kitu, alicheka. Kondo peke yake hakucheka. Shingo ilimvimba, akaunyoosha mkono kwa Fortunata. "Dada, wewe funga mizigo. Maneno waachie wenyewe." Na kesho yake, na keshokutwa yake, Fortunata na Joha walibeba makochi Discovery Gardens.

Sasa, mwaka huo haukuwa mwaka wa kugombana na mtu. Mtikisiko wa uchumi ulikuwa umewakumba Wazungu na Wahindi matajiri, wakawa wanaondoka kwa makundi. Mwanzoni kampuni ilineemeka, maana kila anayekimbia anahitaji maboksi. Lakini wanaoondoka wakiisha na wanaoingia hawapo, utamfungashia nani? Katikati ya Septemba likatoka neno: wafungashaji kumi na wawili, watano waondoke. Visa inafutwa, tiketi ya kwenda tu, khalas. Orodha ilikuwa mikononi mwa Madam Marivic, msimamizi wa ghala. Wanne walishajulikana, na wenyewe walishaanza kuuza masufuria yao. Nafasi ya tano ilikuwa wazi, na kila mtu alitembea ghalani humo kwa ncha za vidole.

Fortunata alikuwa na mengi ya kupoteza. Mzee Francis alikuwa haoni tena, na mtoto wa Fortunata, Deogratias, alikuwa kidato cha pili huko bwenini. Wote wawili walikula, wakavaa na kutibiwa kwa mikono hii miwili iliyokuwa inafunga maboksi. Mikono ikirudi Korogwe itafunga nini? Alikuwa akilifikiria hilo akila, akilifikiria akioga.

Madam Marivic alikuwa Mfilipino, mama mfupi wa miaka arobaini na kitu, miwani usoni, rangi ya mdomo haikosekani hata ghalani kukiwa na vumbi la kukatisha pumzi. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo, ila hakuwa mwonevu, na alikuwa anajua nani anafanya kazi na nani anapiga domo. Kwa hiyo Fortunata alikuwa na tumaini. Kisha, Jumamosi moja mwishoni mwa Septemba, mvua ikashuka Manila, mji mzima ukazama, na nyumba ya mama yake Madam Marivic ikajaa maji mpaka kwenye dari. Mama aliokolewa juu ya paa. Madam alilia chooni, akatoka amejipaka poda, akaendelea na kazi.

Wafilipino wa Al Quoz nzima wakaanza kuleta vitu: nguo, mashuka, samaki wa makopo, sabuni, maziwa ya watoto. Ndani ya siku chache, kona ya ghala ikawa na maboksi arobaini, na kila boksi Madam aliliandika mwenyewe kwa kalamu nene: MANILA. Halafu akamwita Fortunata. Hakumwita Kondo, hakumwita mwingine. "Wewe unafunga vizuri kuliko wote," alimwambia kwa Kiingereza. "Haya ni ya watu wangu. Nifungie."

Fortunata aliona fahari, tena aliona huruma. Alichukua robota la kamba stoo, akapiga magoti, akaanza.

Hapa lazima tumrudie bingwa wetu. Kamba ile ya nailoni alikuwa ameinunua Kondo mwezi wa tano, marobota ishirini, na kwa uvivu wake akayaacha uani nyuma ya ghala kiangazi kizima. Jua la Dubai la mwezi wa saba linakausha hata mate mdomoni, sembuse nailoni. Alipokumbuka kuyaingiza ndani, ya stoo yalipokwisha, rangi ya bluu ilishakuwa nyeupe, na yeye akanyamaza kimya. Mjuzi wa asili ya kila neno hakujua kamba huhifadhiwa wapi!

Fortunata akafunga boksi la kwanza, akavuta, kamba ikakatika. Akaikunja mara mbili, akavuta, ikakatika. La pili alilinyanyua limeshafungwa, kamba ikaachia, boksi likapasuka kitako na makopo ya samaki yakabingirika sakafuni mpaka kwenye matairi ya lori. Magoti yalimuuma, jasho lilimwingia machoni. Hasira zikampanda. Alilipiga kofi boksi la pembeni, pale pale palipoandikwa MANILA, akapaza sauti kumwita Joha aliyekuwa upande wa pili wa ghala.

"Joha! Manila imeoza hii! Mbovu kabisa! Takataka tupu! Njoo tuitupe yote nje, isibaki hata kipande!"

Madam Marivic alikuwa nyuma yake, ameshika karatasi ya anwani.

Madam hakujua Kiswahili. Alijua maneno matatu tu, yale yanayosikika ghalani kutwa nzima: haraka, mbovu, takataka. Na mji alikozaliwa alijua jina lake. Sasa chukua maneno hayo, yaunganishe na lile kofi, uone mwenyewe yanatoa nini.

"Umesemaje?" aliuliza kwa Kiingereza, polepole.

Fortunata akageuka, hana habari, bado anatweta. Naye alikuwa na Kiingereza cha maboksi: vunjika, juu, chini, tayari, mbaya. "Manila, madam," akajibu. "Mbaya sana. Imekwisha. Tutupe."

Uso wa Madam Marivic ulipauka.  Aliinama, akaokota kopo moja la samaki, akalifuta kwa kiganja, akalirudisha ndani ya boksi. Kisha akaondoka, na visigino vyake vikasikika mpaka ofisini. Fortunata alibaki anashangaa, na hata hapo hakuelewa.

Alielewa baada ya chakula cha mchana. Kondo alimjia akitembea kwa madaha, uso ameutengeneza kuwa wa msiba. "Dada Fortunata, pole. Jina lako limeingia namba tano. Madam anasema umetukana mji wake na maiti wa mji wake. Arbab yuko njiani, ndiye atakayetia sahihi."

"Nimetukana mji gani mimi?" Fortunata alisema, na kabla hajamaliza swali jibu likamwangukia. Manila. Mbovu. Takataka. Mama yangu wee! Akakalia boksi. "Ni kamba," alisema. "Kaka Kondo, si unajua nilikuwa nasema kamba! Kamwambie!"

Na hapa ndipo mtu angemtemea mate Kondo kama mate yangekuwa dawa. Alijua. Sentensi moja tu ilitosha: kwetu manila ni kamba. Lakini akisema kamba imeoza, arbab atauliza imeozeaje. Na akisema neno limetokana na mji, basi lile basi lote lililocheka litajua nani alikuwa sahihi. Alisugua kidevu chake. "Hili ni jambo la lugha," alisema, "na jambo la lugha linataka mtu wa lugha. Wewe ukiingia usifungue mdomo. Niachie mimi."

Fortunata alimwachia. Mwanamke mzima, mwenye akili zake, anayemjua Kondo ndani na nje, alimwachia. Hofu inamfanya mtu aokoe roho yake kwa kushika mkia wa fisi.

Ofisi ilikuwa ndogo na baridi. Arbab Musallam, mwenye kampuni, aliketi na kikombe chake cha chai ya maziwa, kanzu nyeupe isiyo na kunyanzi, simu mbili mezani. Alikuwa mtu mpole aliyetaka mambo yaishe upesi. Madam Marivic, aliyekuwa ameshamweleza maneno yote aliyoyasikia, alisimama kando na orodha. Fortunata alimvuta Joha waingie wote, na Joha akasimama nyuma yake, akimtafsiria kwa kumnong'oneza sikioni.

Kondo aliinama, akaweka mkono kifuani, akaanza Kiarabu chake. "Ya arbab, Madam hakuelewa. Neno alilolitamka huyu si mji. Ni neno la Kiarabu safi, Kiarabu cha zamani. Man nala."

"Man nala?" Arbab aliweka kikombe chini. "Aliyepata. Aliyepata nini?"

Kondo hakuwa ametazamia swali. Kwenye basi hakuna aliyewahi kumuuliza aliyepata nini. "Aliyepata... kila kitu, ya arbab."

"Kwa hiyo amesema: aliyepata kila kitu ni mbovu."

"Inshallah," alisema Kondo.

Joha alikohoa nyuma ya Fortunata, kikohozi cha mtu anayekabwa na kicheko na woga kwa pamoja. Arbab Musallam alitazama huku na huku ofisini humo. Alimtazama Madam, mwenye mshahara. Aliwatazama wale wanawake wawili wenye aproni zilizochakaa. Kisha akajitazama mwenyewe, saa yake, simu zake mbili.

"Na aliyepata kila kitu humu ndani," aliuliza, "ni nani?"

Kondo akazitazama zile simu mbili.

"Mimi ni mbovu? Mimi ni takataka?" Upole ulikuwa umekwisha. Arbab alinyoosha mkono kwa Madam. "Lete karatasi. Khalas."

Joha alipomaliza kunong'ona maneno hayo, kitu kilimkatika Fortunata ndani. Alimwona baba yake amekaa barazani haoni, akisubiri. Alimwona Deogratias. Na alimwona Kondo, huyu bwege, huyu mtu wa ka-beit, amesimama hapo na maisha ya watu watatu mdomoni kama anatafuna karanga. Potelea mbali, alisema moyoni. Aliingiza mkono katika mfuko wa aproni, akatoa kipande cha ile kamba, akakiweka mezani mbele ya kikombe cha arbab.

"Manila," alisema.

Akakinyanyua, akakivuta kwa vidole viwili tu. Kikakatika. "Manila, madam. Mbovu." Akatoa kingine, akakivuta, kikakatika, unga mweupe ukamwagikia karatasi za watu. "Takataka. Hii. Si mji wako. Hii!" Kisha akamgeukia Joha, akamsukuma mbele kwa kiwiko. "Sema, Joha. Leo ukinyamaza sitakusamehe."

Joha alisogea mpaka mezani. "Habl, ya arbab," alisema kwa Kiarabu ambacho hakuna aliyelazimika kukikisia. "Kamba. Bara kwao kamba hii wanaiita manila. Kamba ndiyo iliyooza."

Arbab alichukua kipande, akakivuta, kikakatika. Akachukua kingine. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba chake. Madam Marivic hakucheka. Aliuliza, kwa Kiingereza, macho hayatoki kwa Fortunata: kwa nini? Kwa nini kamba iitwe Manila?

Fortunata alijibu kwa Kiingereza kile kile cha maboksi. Baba yangu, alisema, kazi yake kamba. Zamani kamba nzuri, nambari moja, inatoka Manila. Yetu nambari mbili. Wazungu kila siku wanamwambia baba: fanya kama Manila, fanya ngumu kama Manila. Sasa watu wetu kila kamba ngumu wanasema manila. Mimi mtoto mdogo nasema manila, bado sijui ni mji. Nambari moja, madam. Si tusi.

 Madam alivua miwani, akaifuta. "Babu yangu alikuwa anachambua abaka," alisema. "Mgomba ule ambao nyuzi zake ndizo zilizotengeneza kamba hizo. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu." Akavaa miwani. Akachukua kalamu, akalikata jina la tano.

"Na iliozeaje?" Arbab aliuliza, ameshika kile kipande. "Kamba mpya ya mwezi wa tano. Nani aliiacha juani?"

  Macho ya wanawake watatu yalihamia mahali pamoja, na Kondo akaanza kusoma kalenda ya ukutani.

Arbab Musallam alimwomba Madam kalamu. Nafasi ya tano haiwezi kubaki wazi, alisema, hesabu ni watano. Aliandika mwenyewe, taratibu, kwa Kiarabu. Kisha akamtazama mkalimani wake. "Man nala, nala," alimwambia. Aliyepata, amepata. Na nadhani katika historia yote ya maneno hayo kinywani mwa Kondo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuleta maana.

Wengine walipotoka, Madam Marivic alimzuia Fortunata mlangoni. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa kazini. "Nimekuelewa," alisema. "Lakini sasa kutwa nzima nitakuwa nawasikia. Kata manila, kaza manila, tupa manila. Mama yangu analala kwenye darasa la shule. Mimi sitaki kulisikia tena. Humu ndani kitu hicho kinaitwa rope. Nikisikia jina lile tena kwako, orodha bado ninayo."

"Ndiyo, madam," alisema Fortunata.

Kondo aliondoka Ijumaa iliyofuata. Hakuna aliyekuja kumsindikiza, ingawa wanafunzi alikuwa nao basi zima. Alikuja ghalani na boksi lake moja, amelibana kifuani, kitako cha boksi kinalegea. Fortunata alikuwa peke yake mezani. Mbele yake palikuwa na marobota mawili: jipya, la bluu inayong'aa, na moja la yale meupe, lililokuwa linasubiri gari la taka.

"Dada Fortunata," alisema Kondo. "Nifungie boksi."

"Kwa nini?"

"Ndege saa kumi na moja."

"Nauliza kwa nini. Nikufungie kwa kitu gani?"

"Kamba," alisema Kondo.

"Kamba ipi? Kamba ziko nyingi, Maalim. Hata wale wa baharini wanaitwa kamba. Taja jina lake."

Kondo aliliangalia robota jeupe, akaliangalia la bluu. Alijua kabisa anachoulizwa. Jasho lilimchuruzika kwenye sikio. "Manila," alisema.

"Inatoka wapi?"

"Fortunata, nitachelewa."

"Inatoka wapi, kaka Kondo?"

"Mjini," alisema kwa sauti ya kuzikwa. "Mjini Manila. Ufilipino."

"Sijasikia."

"Ni mji!" Kondo alifoka, na ghala tupu likamrudishia. "Manila ni mji! Umeridhika?"

Alikuwa ameridhika, ndiyo. Aliridhika kama mtu aliyekunywa maji baridi. Alisukuma robota bovu kando kwa mguu, akachukua jipya, akalizungusha boksi mara mbili urefu na mara mbili upana, akapiga fundo la mzee Francis, lile la kupitisha ncha chini na kurudi, akalikaza mpaka boksi likalia. Lingefika Mbagala bila kutikisika. Mtu asije akasema binti wa Korogwe hajui kufunga. Kondo aliliweka begani, akaanza kwenda.

Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Madam Marivic alisimama kizingitini na karatasi zake.

"Fortunata! Kelele za nini? Umemfungia nini huyo?"

Mkononi mwa Fortunata kilikuwa kimebaki kipande kimoja, urefu wa kiganja. Alikitazama. Aliwaza barazani kwao Korogwe, aliwaza bweni la shule.

"Rope, madam," alisema.

Kondo, aliyekuwa ameshafika langoni, akasimama. Aligeuka na boksi lake begani, akamtazama Fortunata, akatabasamu.  Fortunata akakisukumiza kile kipande mfukoni, akavuta boksi la sahani, akaanza kuzizungushia karatasi.